Mlango Uliozoea Teke

Celedonio Archuleta alikuwa amevisha magari ya watu mahameli ambayo wake zao hawajawahi kuvaa. Ukiona gari la zamani limeshushwa hadi tumbo linakaribia kulamba lami, linatembea mwendo wa bibi harusi siku ya Pasaka, na ndani yake viti vyekundu vimebonyezwa vifungo kama godoro la mfalme, hapo Española, mji wao mdogo wa bondeni, hakuna anayeuliza ni kazi ya nani. Watu walitoka hata upande wa Colorado kumletea milango na viti. Yeye mwenyewe aliendesha gari dogo la Kijapani lenye viti vilivyopasuka, ambavyo aliviziba kwa utepe wa gundi.

Kwa muda mrefu alikuwa na hamu moja, na hakuwa na haya nayo. Alitaka gari moja tu la kwake, la zamani, ambalo angelivisha kadiri roho yake inavyopenda, bila mteja kusimama mlangoni akimwambia punguza hapa, ongeza pale. Na gari hilo alilijua tangu tumboni mwa mama yake. Lilikuwa pikapu ya marehemu baba yao, Chevrolet ya mwaka hamsini na mbili, ya kijani, iliyokuwa imelala kwenye banda la dada yake, kuku wakitaga chini ya usukani.

Dada yake, Eufelia, ndiye alikuwa msimamizi wa mfereji. Baba yao aliwahi kuwa msimamizi, na kabla yake babu yao. Kila majira ya baridi yanapoanza kulegea, kabla maji hayajafunguliwa kuja mashambani, kila mwenye shamba huchukua sepetu yake na kwenda kuuzibua mfereji kuanzia kwenye banio, pale maji yanapotoka mtoni, hadi shamba la mwisho. Msimamizi ndiye anayepanga watu, anayepima kina, anayemwambia hata mwalimu mkuu kwamba kipande chake bado hakijatosha, achimbe tena. Na tangu zamani vifaa, majani yaliyong'olewa, sufuria za maharage na wazee wasioweza kutembea, vyote vilipakiwa kwenye pikapu ile ya kijani. Ilipokufa injini, watu walianza kuazimana magari, na hakuna mwaka ambao hawakugombana.

Mtoto wa binamu yao mmoja aliyefungua mkahawa huko Albuquerque alikuwa ameiona pikapu hiyo akaitamani. Alitaka kuisimamisha mbele ya mlango wake na kupanda maua nyuma, kwenye sehemu ya mizigo. Wapo wengi siku hizi wanaofanya hivyo. Gari lililozaliwa kubeba samadi na kondoo wagonjwa hufanywa chungu cha maua, halafu watalii hupiga picha wakidhani wameliona bonde. Celedonio aliposikia hivyo alikosa usingizi. Asubuhi alikwenda kwa dada yake kabla hata hajanywa kahawa.

Eufelia alimsikiliza huku akichambua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miaka sabini na ushei, na aliongea kama mtu anayelipia kila neno. Akasema injini atamwachia Tranquilino, jirani wa karakana, na mambo ya ndani atamwachia yeye. Siku ya mfereji ataiendesha mwenyewe. Ikifanya kazi, itabaki kwa Celedonio maisha yake yote, ila siku ya mfereji tu. Isipofanya kazi, itakwenda Albuquerque kupandwa maua.

"Mimi nataka gari," alisema. "Sitaki sebule. Umenisikia, mdogo wangu?"

"Nimekusikia, dada."

"Umenisikia, au unaitikia tu ili niishie hapo?"

Alikuwa ameitikia tu ili dada yake aishie hapo.

Tranquilino alikuwa fundi wa injini na rangi, na karakana zao zilitazamana uani. Wawili hao walikuwa wamebatiziana watoto na kutukanana kila siku bila kuchoka. Injini ilimchukua wiki chache, akaimaliza, akabaki bila kazi nyingine ila kuja kukaa kwenye debe na kumtazama Celedonio akihangaika na milango.

Maana Celedonio alianza na milango. Viti kila mtu anaweza kuvikalia na kusema vizuri, lakini mlango ndio unaogusana na mtu. Kiwiko kinalala pale, goti linagonga pale, mvua inaingia kupitia pale. Alipong'oa paneli za zamani alikuta ni zile karatasi ngumu za kiwandani, zimevimba kwa maji hadi zikawa kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Kwenye ule mlango wa dereva, chini kabisa karibu na bawaba, palikuwa na tundu ambalo baba yao aliliziba kwa kibati alichokata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Celedonio alikitazama kile kibati, kina kutu na alama za nyundo, akakitupa kwenye kopo la misumari.

Tatizo la kwanza lilikuwa ubao. Karatasi ngumu hakuitaka tena, ingevimba vilevile. Plastiki ilikuwa rahisi na haiogopi maji, lakini haishiki pini vizuri, na kwenye jua la Juni hujikunja kama ulimi wa mbwa. Bati la alumini lingedumu kuliko yeye mwenyewe, ila lingelia kwenye kila jiwe, na barabara ya mfereji ni mawe matupu. Mwishowe akachagua plaiwudi nyembamba, ile wanayotumia watengeneza mashua, akaipaka vanishi mbele, nyuma na kwenye kingo zote, maana maji hupenda kuingilia kwenye kingo.

"Unaipaka mara ya tatu hiyo," alisema Tranquilino kutoka kwenye debe lake. "Unatengeneza mlango au jeneza la askofu?"

"Askofu hanyeshewi mvua."

"Na dada yako je? Unamwekea nini juu yake?"

Celedonio alikwenda kwenye kabati, akatoa jora alilokuwa amelificha huko tangu wakati ambao Tranquilino hakuujua. Ilikuwa mahameli ya rangi ya divai, nzito, ambayo ukipitisha mkono inabadilika rangi kama shamba la ngano upepo ukipita. Tranquilino alisema kwa sauti ya msibani kwamba ni kitambaa kizuri sana, na kwamba itakuwa raha kubwa kukiona tena siku akienda kula mkahawani Albuquerque.

Hata hivyo alimsaidia. Kazi nzuri ina tabia ya kuwavuta hata wanaoipinga. Walikata sponji ile ya matundu yaliyofungwa, isiyonyonya maji, wakachora almasi kwa chaki, wakabonyeza vifungo kimoja kimoja. Gundi walichagua ile inayovumilia joto. Nyuma ya kila paneli Celedonio alibandika karatasi ya nailoni kwenye bati la mlango lenyewe, ili maji yanayoteleza kwenye kioo yashuke ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini bila kuugusa ubao. Na kwa kuwa alikuwa ameshaufungua mlango, alirekebisha pia kitasa cha upande wa dereva, kilichokuwa kibovu tangu yeye mtoto. Ilikuwa springi tu imekatika. Aliweka nyingine, mlango ukawa unafunguka kwa kidole.

Alipofunga paneli zote mbili na kurudisha mipini ya kushushia vioo, jua lilikuwa linaingia kupitia kioo cha mbele, na ndani ya ile pikapu palikuwa kama ndani ya komamanga. Alipanda, akafunga mlango, akakaa. Aliweka kiwiko pale kinapowekwa kiwiko. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukaa ndani ya mahameli yake bila kumfikiria mtu atakayekuja kuichukua. Alikaa hapo mpaka Tranquilino akamwita waende wakale.

Akashika kitasa ashuke, na hapo ndipo mguu wake wa kushoto ulipojikunja wenyewe, ukaupiga mlango teke kwa kisigino, chini kabisa, karibu na bawaba.

Hakuwa amekusudia. Ilikuwa ni mazoea. Nyumbani kwao mlango ule haukufunguka kwa ndani bila kuvuta kitasa na kupiga teke kwa wakati mmoja, palepale, na kila mtu wa familia alifundishwa hivyo mara tu miguu yake ilipofika. Baba alipiga, mama alipiga, wote walipiga. Alikuwa hajakaa kwenye kiti kile tangu ujana wake, lakini kisigino hakikuwa kimesahau. Kitasa kilikuwa kizima, mlango ungefunguka kwa kidole, lakini mguu haukuambiwa.

Kwenye mahameli palibaki alama ya kiatu, nyeusi, na kifungo kimoja kilikuwa kimezama ndani. Aliposukuma kwa dole gumba alisikia plaiwudi ikilia. Ilikuwa imepasuka.

Tranquilino alisogea, akatazama, akaweka mikono mfukoni. Alikuwa na mizaha tele kichwani na kwa mara ya kwanza hakutoa hata mmoja. "Na wewe una kilo ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Siyo mimi," alisema Celedonio. "Dada atapiga siku nzima. Kila akishuka."

Walikwenda wakala. Maharage yalikuwa mazuri na pilipili nyekundu ilikuwa kali inavyotakiwa, lakini Celedonio alikuwa akitazama viatu vya watu. Aliona alivyokuwa amedanganyika. Alikuwa ametengeneza mlango wa gari linalotazamwa, wakati gari lenyewe ni la kupandwa na watu wenye matope hadi magotini, tena mara ishirini kwa siku. Wala halikuwa kosa la mahameli. Hata mkahawa wa Albuquerque ulitaka pikapu hiyo ya kutazamwa. Tofauti kati yake na mkahawa ilikuwa rangi ya maua tu. Wazo hilo lilimuuma kuliko pilipili.

Siku iliyofuata aling'oa kila kitu. Mahameli aliitoa taratibu, pini moja moja, akaikunja. Safari hii alianzia chini kwenda juu. Kwa ile sehemu ya chini inayopigwa na viatu alikata ngozi nzito ya ng'ombe, ile ya kutengenezea tandiko la farasi, ambayo kadiri inavyosuguliwa ndivyo inavyopendeza. Ubao aliuongeza unene pale, plaiwudi mbili zilizogandishwa pamoja. Kisha akakumbuka kitu, akaenda kumwaga kopo la misumari mezani mpaka akakipata kibati cha baba yake. Alikinyoosha kwa nyundo, akakipigilia mahali pake pa zamani, chini ya ngozi, pasipoonekana.

Sehemu ya juu ndiyo ilimtoa jasho. Ngozi yote ingekuwa nzito na ya baridi alfajiri. Ngozi bandia ya dukani aliikataa bila kuifikiria, ilikuwa inanuka viatu vipya. Alihitaji kitu ambacho tope likikauka unalipangusa kwa brashi na basi, ambacho kiwiko kinakipenda, na ambacho kimezaliwa bondeni. Alikuwa amesimama akinawa mikono bombani alipoinua kichwa akacheka peke yake. Kila nyumba ilikuwa nayo. Jerga, lile zulia zito la sufu ya kondoo ambalo bibi zao walilifuma kwa mirabaraba ya rangi ya kondoo wenyewe, nyeupe na kahawia, na ambalo watu walilikanyaga, wakafungia magunia, wakafunikia viazi, na halikuisha.

Kwa Eufelia ilikuwepo moja, ameifunga kwenye pampu ya kisima isigande kwa baridi. Celedonio alikwenda Ijumaa mchana, wakati dada yake yuko kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Alifungua kamba, akaichukua jerga, akaiacha pampu imevaa blanketi lake mwenyewe la kitandani. Hakuona haja ya kumsubiri dada yake ili amwombe. Ni tambara la pampu, alijiambia, nani anaomba tambara.

Alipoifua ilitoa maji meusi mara tatu. Ilipokauka alishangaa. Haikuwa nyeupe na kahawia tu, palikuwa na mstari mwembamba wa bluu ukipita kila baada ya mraba, bluu ya zamani isiyouzwa tena. Alikata kwa kuipanga vizuri ili mistari ya mlango wa kushoto ikutane na ya kulia, akaipitisha dawa ya nondo, akaishona. Ilikaa kwenye milango kana kwamba ilikuwa ikiisubiri.

Ilibaki mahameli. Alijaribu kuirudisha kabatini na mkono ukakataa. Mwishowe, kwenye mlango wa dereva, alishona mfuko mmoja wa ngozi, wa kutilia glavu, na ndani ya mfuko huo, pasipoonekana na mtu, akatandika mahameli ya rangi ya divai. Tranquilino alimkuta akishona, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ya mfereji watu walikusanyika kwenye banio kukiwa bado na ukungu, sepetu mabegani, wakipuliza vidole. Eufelia alifika karakana kwa miguu, na viatu vyake vya mpira. Alizunguka pikapu, akapiga tairi, akafungua mlango. Celedonio alikuwa amesimama upande wa pili, roho mkononi. Dada yake hakutazama ngozi wala viti. Aliweka kidole kwenye mstari wa bluu, akaufuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwako. Ilikuwa kwenye pampu."

"Hii aliifuma mama."

Celedonio alikuwa kitinda mimba, hakuwahi kumwona mama yao akifuma, maana alipopata akili mikono ya mama ilikuwa imeshakataa. Tranquilino, aliyekuwa akipakia sepetu nyuma, aligeuka akaanza kuzipanga upya sepetu ambazo zilikuwa tayari zimepangika.

"Umeikata," alisema Eufelia.

"Nimeikata. Nilidhani ni tambara, dada. Lakini na wewe, kitu cha mama unairithisha pampu?"

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Usoni mwa Eufelia palikuwa na hasira, kisha pakawa na kitu kingine, kama mtu aliyeshikwa akiiba sukari.

"Niliifunga kwenye pampu kwa sababu hakuna nzito kuliko hiyo," alisema. "Pampu ikiganda, nakaa bila maji."

"Na mimi nimeifunga kwenye mlango kwa sababu hiyohiyo."

Alivuta pumzi puani. "Kimebaki kipande?"

Celedonio akakitoa nyuma ya kiti, kimekunjwa vizuri, kikubwa cha kutosha kiti cha jikoni. Eufelia alikichukua, akakibana kwapani. "Na pampu imevaa nini?"

"Blanketi langu."

"Ndiyo maana unapiga chafya wiki nzima," alisema, akapanda, akawasha gari.

Walifanya kazi kama watu wanavyofanya kazi ya mfereji, kwa kelele na mizaha, kila mmoja akilalamika kwamba kipande cha jirani ni kifupi. Pikapu ilipanda na kushuka kando ya mfereji ikibeba majani, mizizi ya mierebi, tairi bovu lililotupwa na mtu asiyejulikana, na mzee mmoja aliyekataa kubaki nyumbani. Celedonio alikuwa ndani ya mfereji, tope limefika kwenye mapaja, lakini sikio lake lilikuwa juu. Kila Eufelia alipotaka kushuka alisikia lile teke. Pu. Baada ya muda akaacha kukunja uso. Sauti ilikuwa nene, iliyoshiba, ya kitu kinachopokea na kurudisha. Mchana, walipokula maharage na nyama yenye pilipili kwa chapati za moto, alikwenda kuchungulia. Ngozi ilikuwa na alama za kisigino, moja juu ya nyingine, na tope lilikuwa limepaka jerga hadi mistari haionekani. Hakuna kilichopasuka. Alirudi akaongeza sahani.

Jua lilipoanza kuelekea nyuma ya milima ya Jemez, maji yalifunguliwa. Yalikuja taratibu, machafu, yakisukuma povu na vijiti mbele yake, na watu wakatembea kando yake wakiyasindikiza, kama wanavyofanya kila mwaka, bila kuambiana kwa nini. Kisha kila mtu akaenda kwake.

Eufelia aliirudisha pikapu mpaka uani kwa Celedonio. Alizima injini. Alivuta kitasa, akapiga teke, mlango ukafunguka, akakaa vilevile bila kushuka.

"Umekitengeneza kitasa," alisema.

"Nimekitengeneza. Hakihitaji teke tena."

"Nimegundua tangu asubuhi."

"Mbona umepiga siku nzima?"

"Kwani nilikuwa natafuta kufungua tu?"

Alivua glavu zake zilizokauka tope, akazisukuma mfukoni mwa mlango. Mkono ukaingia, halafu haukutoka. Celedonio alitazama chini. Aliona akilini mwake tope lile likigusa mahameli aliyoitunza kwa miaka, na alishangaa kwamba hakikumuuma kitu.

"Celedonio. Humu ndani umeweka nini?"

"Mfuko, dada."

"Nauliza ndani ya mfuko."

"Hakionekani. Hakimdhuru mtu."

Mkono wa Eufelia ulikuwa bado humo, na kwa jinsi kiwiko kilivyosogea kidogo mbele na nyuma juu ya jerga ya mama yao, ilijulikana kwamba vidole vilikuwa vinapita na kurudi. Ulikaa humo kwa muda mrefu zaidi ya unaohitajika kuweka glavu. Kisha akashuka, akapiga kiuno chake kilichochoka, akachukua kile kipande cha jerga kwapani, akaanza kutembea kuelekea kwake kando ya mfereji, upande wa maji.

Funguo alikuwa ameziacha kwenye gari. Glavu pia.

Celedonio aliingia ndani kutafuta brashi, akarudi, akafungua mlango. Tope lilikuwa bado bichi kwenye mikunjo. Aliweka brashi juu ya boneti. Jerga hupanguswa ikiwa imekauka, na kesho ingekuwa siku nzima ya jua.